Bi Kidole na Ekstensheni ya Mama

Kidole chenyewe ni cha chuma. Kina viungo vinavyokunjika kama vya kidole cha mtu, ncha yake ni ya mviringo, na kwenye shina lake umefungwa waya unaokwenda hadi kwenye balbu ndogo nyekundu iliyosimikwa juu ya kibao. Huingizwa kwenye soketi, kwenye pasi, kwenye feni, popote pale ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kuingiza cha kwake. Kikigusa chuma chenye umeme, balbu huwaka. Isipowaka, mtengenezaji hupumua.

Mwanamke anayekishika amekaa nacho muda mrefu kiasi kwamba jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Kazini anaitwa Bi Kidole, na mtaani vilevile. Muuzaji wa duka la vifaa vya umeme lililo jirani na nyumba yake akimwona anavuka barabara, huteremsha bidhaa fulani fulani kutoka mezani na kuzificha miguuni, kisha humkaribisha kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Kwenye harusi ya mpwa wake, watu walipokuwa wanamtazama bibi harusi, yeye alikuwa amechuchumaa nyuma ya spika akikagua waya ulioungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Katika picha ya familia ya siku hiyo anaonekana mgongo.

Chama kilichomwajiri ni cha watengenezaji wa vifaa vya umeme, watu wanaonyang'anyana wateja mchana kutwa na kuitana "ndugu mwanachama" kwenye vikao. Walikianzisha zamani, enzi ambazo kila kiwanda kilikuwa na plagi yake inayoingia kwenye soketi yake tu, na mtu akinunua birika alikuwa kama aliyeoa: ilimbidi awachukue na wakwe. Wakaketi kuzungumza. Husemwa kwamba jambo la kwanza walilokubaliana lilikuwa saa ya chai, na la pili, baada ya mabishano marefu zaidi, umbali kati ya tundu na tundu. Tangu hapo wameandika viwango vya karibu kila kitu. Anayevifikia hupewa alama ya chama, pembetatu ndogo inayopigwa chini ya bidhaa, mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hatazami, lakini mjenzi mwenye zabuni huanza kutazama hapo kabla ya kutoa salamu.

Ofisi ziko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mbele kuna chumba cha vikao na meza ya chai. Nyuma kuna chumba cha vipimo. Na kipimo kina desturi yake. Mtengenezaji huja mwenyewe, hatumi karani. Huchomeka bidhaa yake kwa mkono wake, kisha husimama kando, mikono nyuma, huku kidole kikiingia. Balbu ikiwaka hakuna anayesema neno. Bidhaa huwekwa kwenye rafu iliyo mkabala na mlango, inayoitwa makaburini, jina la kiwanda likitazama nje, na hukaa hapo mpaka mwenyewe alete iliyorekebishwa. Kila mwanachama anayekwenda kunywa chai hupita mbele yake. Mwenyekiti wa chama, mtengenezaji wa feni, mtu ambaye tumbo na heshima yake vilikua pamoja, aliwahi kuzikwa hapo. Kwa muda wote ambao feni yake ilikaa rafuni, aliwaambia watu kwamba daktari amemkataza chai.

Mwongozo wa chama unataja kwa tarakimu nguvu ya kusukumia kidole. Bi Kidole ana lugha yake. "Ni nguvu ya mtoto aliyekatazwa," huwaambia wageni. "Aliyeruhusiwa hasukumi hivyo."

Mtoto huyo anamjua vizuri, maana walizaliwa tumbo moja. Mdogo wake wa mwisho, ambaye kwao wanamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, utotoni aliwahi kuingiza msumari kwenye soketi ya sebuleni siku ambayo dada yake alikuwa ameachiwa amwangalie. Nyumba nzima ilizimika. Kitinda alibaki na kovu jeusi kwenye kidole cha shahada, na dada alibaki na viboko. Katika familia kisa hiki husimuliwa kama mzaha, na wote hukubaliana kwamba viboko vilikosea mlango. Lakini hakuna kati ya hao wawili aliyewahi kutoka kwenye ile soketi. Dada alikwenda kupima za watu. Kitinda, baada ya miaka mingi ya kukarabati pasi barazani, alifungua karakana ya kutengeneza ekstensheni, zile soketi nne zilizopangwa kwenye boksi moja la plastiki lenye waya mrefu.

Karakana ilikuwa na mashine moja iliyonunuliwa kuukuu, mke wa Kitinda, na kaka za mke huyo. Ilipata bahati mapema. Mjenzi wa shule ya bweni ya watoto wadogo alipita, akazigeuza ekstensheni chini juu, akasema atachukua zote watakazotengeneza, mradi ziwe na ile pembetatu. Bila alama, Kitinda angerudi kwenye pasi zake barazani, na mashemeji wangerudi kukaa sebuleni kwake. Hilo la pili ndilo lililomtisha zaidi.

Mama yao anaishi kwa Bi Kidole, na hakuona tatizo liko wapi.

"Mwanangu," alisema wakati wa chakula, "hicho chuma chenu kikifika kwa mdogo wako, kisiwe na haraka."

"Mama, simpimi mimi. Siruhusiwi."

"Nani kakukataza?"

"Mimi mwenyewe."

Na ilikuwa kweli. Zamani, mpwa wa Mwenyekiti alipoleta swichi zake na Mwenyekiti akataka kushika kidole, Bi Kidole alisimama kikaoni na kusema kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Ikaandikwa kanuni: mwenye undugu na mtengenezaji hasogei mezani wala hatoi neno. Alipigiwa makofi. Hakukumbuka, siku hiyo, kwamba na yeye ana ndugu.

"Kwa hiyo kamba umejifunga mwenyewe," mama alisema. "Na yule mwenzako mpole? Mwambie namsalimia."

"Simwambii."

"Salamu nayo rushwa?"

"Ya kwako, ndiyo."

Mama akamwita mjukuu aje amchomekee redio. Redio hiyo ilitegemea ekstensheni, zawadi kutoka kwa Kitinda, mojawapo ya zile za kwanza kutoka karakanani. Mama alikuwa ameiweka juu ya kitambaa cha kufuma kama picha ya harusi, na kila jioni alilalamika kwamba ni ngumu, plagi haiingii. Bi Kidole kila jioni alimjibu kwamba mikono ndiyo imechoka.

Yule mwenzake mpole ni mpimaji wa pili, anayeitwa Taratibu. Ni mtu wa maneno machache na chai nyingi, ambaye huvua saa ya mkononi kabla ya kila kipimo na kuilaza kwenye leso. Siku ya Kitinda aliivua kama kawaida. Kitinda alikuja na koti la kuazima, mikono ya koti ikimfunika mpaka kwenye vidole, akachomeka ekstensheni yake, akasimama kando. Bi Kidole alisimama ukutani, chini ya kalenda, mikono mfukoni, mdomo umefungwa kikanuni.

Taratibu aliingiza kidole tundu la kwanza. Balbu haikuwaka. Akaenda la pili, akaendelea mpaka la mwisho. Haikuwaka. Wanachama waliokuwa mlangoni na vikombe mkononi walipiga makofi kadiri vikombe vilivyoruhusu. Kitinda, akicheka hadi magego, alimtazama dada yake.

Dada hakucheka. Alikuwa anatazama bega la Taratibu. Bega hilo la kulia, kila linaposukuma kwa nguvu ya kanuni, hupanda. Amefanya kazi kando yake miaka yote hii na analijua kuliko anavyojua la mumewe. Leo halikupanda. Kidole kiliingizwa kama mkono wa mtu anayewasalimia wakwe.

Alimfuata kwenye meza ya chai.

"Taratibu, bega lako lina nini leo?"

"Bega langu?"

"Halikupanda."

"Wewe ndugu wa mtu. Hutoi neno."

"Sitoi neno. Nakuulizia afya."

"Afya njema, Bi Kidole. Kunywa chai." Akaongeza sukari kwenye kikombe kilichokwisha kuwekwa sukari.

Sasa alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, na yote yalikuwa mabaya. Kamati ingekutana baada ya siku chache kuipitisha alama. Akinyamaza, Kitinda anapata zabuni, mashemeji wanabaki karakanani, mama anafurahi. Lakini ekstensheni ambazo hakuna aliyezisukuma sawasawa zinakwenda kwenye shule iliyojaa watoto waliokatazwa. Akisema, anavunja kanuni aliyoitunga mwenyewe na kumrudisha mdogo wake barazani. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema. Hawakusema mchelea mdogo wake hulia nani.

Akapata njia ya tatu, ambayo mtu aliyeishi na mwongozo ule pekee ndiye angeiona. Kifungu cha malalamiko kinasema mtu yeyote mwenye bidhaa anaweza kuileta ipimwe upya mbele ya mtengenezaji. Haikuandikwa kwamba mtu huyo asiwe mama wa mtu.

"Mama, kesho twende ofisini na ekstensheni yako. Wanataka kuitazama."

Mama alielewa alivyopenda kuelewa. Asubuhi alivaa gauni la sherehe, akaifunga ekstensheni ndani ya kitambaa chake cha kufuma, akapanda ngazi za duka la magodoro akisimama kila kidato kuwaambia wanaoshuka kwamba kitu hicho kimetengenezwa na mwanawe.

Kitinda aliitwa kutoka karakanani. Alifika na vumbi la plastiki kwenye nyusi.

"Dada, umenishtaki?"

"Mimi sina neno. Mwenye mali ni mama."

"Mama, umenishtaki?"

"Nani kashtaki? Mimi nimekuja kukusifia." Mama alimgeukia Bi Kidole. "Wewe, umenileta kufanya nini hapa?"

Bi Kidole alitazama kalenda.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe, akitembea kwa hadhi ya mtu anayepita mbele ya makaburi bila jamaa humo. Alimwamkia mama shikamoo, akapata marahaba yake, akaamuru kipimo kianze. Taratibu alivua saa. Safari hii alimtazama Bi Kidole moja kwa moja, akapandisha bega mpaka likagusa sikio kabla hata ya kukishika kidole, ili asiwe na swali.

Akasukuma. Viungo vya chuma vilikunjika. Ekstensheni ilirudi nyuma juu ya meza na Kitinda ikabidi aishike. Taratibu akasukuma tena, jasho likimtoka puani, tundu hili na lile. Balbu ilikaa kimya kama haijawahi kuumbwa.

"Niseme ukweli," Taratibu alisema akifuta uso. "Ile siku nilimwonea haya Bi Kidole, sikusukuma vizuri. Leo nimesukuma hadi nimeona nyota. Hakipiti."

Watu wote waligeuka kumtazama Bi Kidole, na kwa mara ya kwanza alitamani makaburini pawe na nafasi ya mtu mzima.

"Ulidhani nini, dada?" Kitinda aliuliza. Hakuwa anapiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alinyoosha kidole chenye kovu. "Mle ndani kuna kifuniko, na nyuma ya kifuniko kuna springi. Kila nilipochagua springi nilikufikiria wewe na ule msumari. Nikasema, hii itamzuia hata dada. Nikachukua ngumu kuliko zote sokoni."

Bi Kidole alifungua mdomo.

"Ndugu hatoi neno!" walisema wanachama kwa pamoja, kwa furaha ya watu waliosubiri siku hiyo muda mrefu.

Mwenyekiti akakohoa. "Basi, malalamiko yamefutwa. Bidhaa ni salama. Mama, tunakushukuru."

"Mnanishukuru nini na hamjanisikiliza?" mama alisema. "Mambo ya vidole ni yenu. Mimi shida yangu redio. Leteni plagi ya hilo birika."

Plagi ya birika la chai ililetwa. Mama aliishika kwa mikono miwili, akailenga, akasukuma. Haikuingia. Akainamisha mwili, akasukuma tena mpaka bangili zikalia.

"Mama, unasukuma upande," Kitinda alisema.

"Nimekuzaa wewe na kichwa hicho, leo unifundishe kusukuma?"

Taratibu akajaribu, akashindwa. Alijitetea kwamba bega limeshatumika. Mwenyekiti akaipokea plagi kwa tabasamu la mtu anayekwenda kuonyesha wengine. Tabasamu lilidumu kidogo. Mwishowe aliiweka ekstensheni sakafuni, akapiga magoti na kuilalia kwa tumbo lote, na ndipo plagi ilipoingia kwa mlio wa mfupa unaovunjika. Kuitoa ilikuwa kesi nyingine.

Mwongozo ukafunguliwa. Walisoma kwa zamu, vidole vikishuka ukurasa hadi ukurasa. Yalikuwemo yote: kidole kisiingie, msumari usiingie, waya usiingie, maji yasiingie, vumbi lisiingie. Ilikuwemo nguvu ya kuichomoa plagi. Nguvu ya kuichomeka haikuwemo. Kwa miaka yote ya vikao na chai, watu hao walikuwa wameorodhesha kila kisichotakiwa kuingia kwenye soketi, na kusahau kile kimoja kinachotakiwa.

"Kwa maandishi yaliyopo," Mwenyekiti alisema, bado anahema, "ndugu mwanachama mtarajiwa hana kosa. Alama ni yake. Kamati ikikaa, tutapitisha."

Mama hapo ndipo alipoelewa kwamba ameletwa kama mlalamikaji. Alimvuta Kitinda mkono wa shati. "Nimekuharibia?"

"Hapana, mama. Umesikia, nimepita."

"Basi sawa. Redio nitakuwa naiomba kwa jirani."

Alisema hivyo bila kejeli yoyote, akianza kuifunga ekstensheni ndani ya kitambaa. Kiganja chake kilikuwa chekundu pale plagi ilipokaa. Kitinda alikitazama kiganja. Halafu akakunja mikono ya shati.

"Nipeni bisibisi."

Aliifungua ekstensheni juu ya meza ya vipimo, jambo ambalo halikuwa limeruhusiwa wala kukatazwa. Springi aliyoitoa ilikuwa nene kama ya kitanda. Alitazama huku na huku, akaona kalamu mfukoni mwa Taratibu, ile ya kubonyeza. Akaomba. Taratibu akatoa. Springi ya kalamu ikaingia mahali pa ile nene, boksi likafungwa, na mama akachomeka plagi kwa vidole viwili kama anayetia chumvi.

"Ehee!" mama alisema. "Sasa hiki ni kitu."

Taratibu akaingiza kidole. Balbu ikawaka nyekundu.

 Bi Kidole aliangalia makaburini, Kitinda aliangalia makaburini, na ndugu mwanachama mmoja tayari alikuwa anasogeza vitu rafuni kuweka nafasi.

"Acha, wewe!" Mwenyekiti alimwambia. "Mtu yuko kwenye matengenezo, hajapimwa." Akaingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa kalamu ya rangi ya dhahabu, akaitazama mara ya mwisho. "Weka mbili. Lakini ukinirudishia, iandike."

Kitinda aliziweka zote mbili, moja ndani ya nyingine. Mama akachomeka: ikaingia, kwa kusukuma kidogo. Taratibu akasukuma kidole, bega sikioni. Balbu haikuwaka. Akarudia. Haikuwaka. Hakuna aliyepiga makofi, maana vikombe walikuwa wameviweka chini na kusahau kwamba sasa mikono iko huru.

Kitinda hakungoja kuambiwa. Alisema mbele ya Mwenyekiti kwamba zile za springi nene hazitakii alama. Atatengeneza upya zote na kurudi. Mjenzi alilalamika, akatishia kwenda kwingine, akagundua kwamba kwingine hakuna ekstensheni zenye alama, akangoja. Mashemeji walifumua maboksi na kuyafunga upya, na kwa mara ya kwanza walifanya kazi hadi mke wa Kitinda akawahurumia. Ekstensheni mpya zilipopita mbele ya kidole, pembetatu ikapigwa. Kalamu ya Mwenyekiti ilirudishwa. Haiandiki.

Chama sasa kinaandika kifungu kipya. Mabishano ni kuhusu kipimo: wengine wanataka tarakimu, wengine wanasema hakuna tarakimu inayoweza kumpata yule mama, na inafaa aitwe mwenyewe kila mara, alipwe nauli na chai. Kwenye kumbukumbu za kikao kinaitwa Kifungu cha Uchomekaji. Mezani pa chai kinaitwa Kifungu cha Mama. Bi Kidole hashiriki mjadala, kwa sababu ya undugu. Alimnunulia Taratibu kalamu mpya, na Taratibu, kabla ya kuishukuru, aliibonyeza mara kadhaa akitega sikio.

Kitinda alimsamehe dada yake kwa namna yake. Alimletea mama ekstensheni mpya, akaiweka juu ya kitambaa cha kufuma, akaondoka bila kumwambia dada kwaheri, kisha akarudi kutoka mlangoni kumwambia.

Jioni hiyo mama alichomeka redio mwenyewe, kwa vidole viwili, bila kumwita mjukuu. Bi Kidole alingoja mpaka mama aanze kutafuta stesheni. Kisha akapiga magoti taratibu nyuma ya kiti, akachagua tundu la pembeni, na kukibana hapo kidole chake mwenyewe kwa nguvu yote ya mtoto aliyekatazwa.

"Toa kidole chako hapo," mama alisema bila kugeuka. "Nilishakuchapa mara moja kwa mambo ya soketi."